Mwendo wa gololi katika pinboli ya kompyuta

Ni hesabu zinazoifanya gololi ya kwenye skrini iende kama ile halisi ya chuma, yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi. Meza huinama nyuzi 6.5; gololi ikibingirika bila kuteleza, mchapuko wake ni takriban mita 0.8 tu kwa sekunde mraba. Kinachowatoa jasho wanaojiundia mchezo nyumbani ni gololi kupenya ukuta: ikienda mita 3 kwa sekunde, husogea milimita 50 kati ya picha mbili zinazochorwa mara 60 kwa sekunde, na programu isione mgongano wowote. Dawa ni kuigawa hatua vipande vidogo, au, bora zaidi, kukokotoa mapema wakati wa kugusana. Kasi ya kibao cha kupigia huhesabiwa pale kinapogusa gololi, kwani ncha huenda mbio kuliko shina.