Wimbo Usio na Kibwagizo

Katika nyimbo za roki, niupendao kuliko zote ni "Bohemian Rhapsody" wa kundi la Queen, uliotolewa mwaka 1975. Mtunzi wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 katika familia ya Waparsi, akaitwa Farrokh Bulsara. Baada ya Mapinduzi ya 1964, familia hiyo ilihamia Uingereza.

Sisi tuliolelewa na mashairi huzoea kungoja kibwagizo. Wimbo huu hauna. Kwa takriban dakika sita mahadhi hubadilika: sauti tupu, piano, opera, magitaa yenye kishindo, kisha utulivu. Katika opera, sauti za watu watatu zilirekodiwa moja juu ya nyingine hata zikawa kama za umati. Na humo husikika neno ambalo mtoto wa chuoni hufunzwa kulitamka kabla ya kutia tonge kinywani.

Mwaka 2006, sherehe ya kumkumbuka ilipingwa hapa Unguja. Wenye hoja juu ya maisha yake wana haki ya kuzitoa. Utunzi, hata hivyo, hupimwa kwa sikio, na wapenzi wa ushairi wa kisiwa alikozaliwa hawana sababu ya kunyimwa kuusikiliza.