Familia na watoto katika safari za mbali za Lubumbashi, tangu reli hadi ndege

Lubumbashi iko kusini kabisa mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karibu na mpaka wa Zambia. Bahari iko mbali nayo kila upande, na mji mkuu Kinshasa uko umbali wa kilomita zipatazo 1,570 kwa njia ya anga. Tangu Lubumbashi ilipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mzazi mwenye safari ya mbali alitegemea kwanza reli, kisha ndege. Kwa wenye uwezo, ndege ilianza kama njia ya haraka. Reli ilipozorota, ndege ikabaki kuwa takriban njia pekee ya kumfikisha mtoto Kinshasa bila kukaa njiani majuma kadhaa.

Treni ya kwanza iliingia Elisabethville mwishoni mwa Septemba 1910 ikitokea kusini, Rhodesia. Kwa miaka mingi njia kuu ya kwenda Ulaya ilipita huko huko: treni hadi Cape Town kupitia Ndola, daraja la Maporomoko ya Victoria na Bulawayo, kisha meli ya posta iliyochukua siku 17 hivi hadi Southampton. Mwaka 1928 reli ya kampuni ya BCK ilifika Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, na abiria wakaweza kuunganisha treni na boti ya mto Kasai hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka 1931 reli ya Benguela nayo ilifungua njia ya bandari ya Lobito. Kwa vyovyote, safari ya kwenda Ulaya ilihesabiwa kwa majuma. Mtoto mchanga aliyeanza safari hajui kukaa aliweza kushuka melini akiwa tayari anakaa mwenyewe.

Kampuni ya madini ya Union Minière ndiyo iliyozifanya safari za familia kuwa jambo la kawaida kwa Waafrika. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, ikawarudisha kwao. Vifo vilikuwa vingi, na kutafuta watu wapya kila mara kuligharimu fedha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza sera: mfanyakazi aje na mke na watoto, au aoe, na akae kwa mkataba wa miaka mitatu. Walitoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Mke na watoto walipewa posho ya chakula, na kliniki za kampuni zikawapima watoto wachanga uzito na kuwagawia maziwa. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa watetezi wakubwa wa sera hiyo, aliona watoto hao kuwa wafanyakazi wa kesho. Kwa hiyo safari ya mtoto ilikuwa sehemu ya hesabu za kampuni: kusafiri kwake kulitegemea mkataba wa baba.

Shirika la ndege la Sabena liliundwa mwaka 1923 Ubelgiji, nchi iliyoitawala Kongo, na Kongo ilikuwa katika mipango yake tangu mwanzo. Rubani Edmond Thieffry aliondoka Brussels Februari 1925 akafika Léopoldville baada ya siku 51. Katika miaka hiyo hiyo Sabena ilifungua njia ya ndani kutoka Boma na Léopoldville hadi Elisabethville. Safari za ratiba kati ya Brussels na Kongo zilianza Februari 1935, zikichukua siku tano na nusu, kwa sababu ndege iliruka mchana na abiria wakalala hotelini usiku. Viti vilikuwa vichache na nauli kubwa, hivyo ndege zilibeba zaidi barua na maofisa. Familia zenye watoto ziliendelea kupanda treni na meli.

Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndege za injini nne, DC-4 na kisha DC-6, ziliipunguza safari ya Ulaya hadi siku moja au mbili. DC-4 haikuwa na mfumo wa kudhibiti shinikizo la hewa ndani, na watoto wadogo waliumia masikio ndege ilipopanda na kushuka. DC-6 ilikuwa na mfumo huo, lakini maumivu hayakuisha kabisa. Dawa iliyotumika wakati ule ndiyo inayotumika hadi leo: mtoto anyonyeshwe au apewe chupa ndege inapoanza kushuka, maana kumeza hufungua mirija ya masikio. Kwa safari za usiku, mashirika mengi duniani yalifunga vitanda vidogo vya kitambaa juu ya viti vya mbele, kwenye rafu ya mizigo au ukutani. Wabelgiji wenye mikataba ya kazi Kongo walianza kwenda likizo na watoto kwa ndege.

Katika miezi ya uhuru ndege ilionekana kwa sura nyingine. Usiku wa Julai 9, 1960 askari waliasi katika kambi ya Massart mjini Elisabethville. Wazungu wengi walikimbilia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kwa magari, na kutoka sehemu nyingine za nchi Sabena iliondoa maelfu kwa ndege zilizojaa kupita idadi ya viti, watoto wakiwa mapajani. Julai 11 Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga ambalo mji huo ulikuwa ndani yake, alitangaza kujitenga kwa jimbo hilo. Mwaka uliofuata makumi ya maelfu ya Waluba, wakiihofia serikali ya Katanga na wakiwa na watoto wao, walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kandokando ya mji huo huo. Kambi hiyo ilifungwa katikati ya 1962, baada ya wakazi wake kurudishwa Kasai Kusini na Katanga Kaskazini kwa treni na ndege za Umoja wa Mataifa. Wengi wao hawakuwa na nauli wala mwajiri wa kuwalipia.

Air Congo ilianzishwa Juni 1961, ikaitwa Air Zaïre kuanzia 1971. Katika miaka yake mizuri iliunganisha Lubumbashi na Kinshasa kwa ndege za jeti kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Wakati huo huo reli ilikuwa ikidhoofika. Njia ya Benguela ilikatika mwaka 1975 kwa vita vya Angola, na njia ya Ilebo ikakosa vipuri na matengenezo. Kuanzia 1992, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, familia nzima zilikaa majuma na miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi zikisubiri treni, na watoto wengi walikufa kwa magonjwa na njaa. Mwaka 1995 Air Zaïre nayo ilifilisika.

Nafasi yake ilichukuliwa na kampuni binafsi, ikiwemo Hewa Bora na CAA. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika ya Kongo katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na marufuku hiyo iliyakuta pia yaliyokuja baadaye. Korongo, yenye makao yake Lubumbashi, ilifanya kazi kutoka 2012 hadi 2015. Mwaka huo wa 2015 Congo Airways, shirika la serikali, ilianza safari. Anayekwenda nje ya nchi kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, mara nyingi hupitia Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg, na mwenye watoto hulazimika kubadilisha ndege huko.

Kanuni za watoto ndani ya ndege zinafuata utaratibu wa kimataifa uliokua baada ya 1945, mwaka kilipoundwa chama cha mashirika ya ndege, IATA. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hukaa mapajani, na katika safari za nje nauli yake kwa kawaida ni asilimia 10 ya ile ya mtu mzima. Kuanzia miaka miwili hana budi kuwa na kiti chake, kwa nauli yenye punguzo, na akifika miaka 12 hulipa kama mtu mzima. Mama aliyeingia na mtoto mgongoni hufungua kitenge kabla ya kuketi. Ndege inaporuka na kutua, mtoto hukaa mbele yake, akiwa amefungwa mkanda mdogo uliopitishwa kwenye mkanda wa mama.

Nyaraka nazo zimeongezeka. Kila mtoto anahitaji pasipoti yake, na ya kibayometria iliyotolewa kuanzia 2015 iliuzwa kwa dola 185. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudaiwa kuanzia umri wa miezi tisa. Tangu 2009 abiria hulipia pia Go-Pass, ambayo ilianza kwa dola 10 kwa safari za ndani na dola 50 kwa za nje. Kwa familia yenye watoto wakubwa watatu au wanne, jumla ya nauli na ada hizo ndiyo inayoamua nani atasafiri na nani atabaki kwa ndugu. Enzi za mkataba gharama hiyo ilibebwa na kampuni. Sasa mzazi huibeba mwenyewe.