Gunia na Kontena: Habari ya Bandari Zetu

Tuitajapo bandari ya Dar es Salaam, aghalabu tunamkumbuka Sultani Majid, aliyeanza kuujenga mji huo katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Habari hizo zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Mwaka ambao haujapewa haki yake ni 1956.

Kabla ya mwaka huo meli kubwa zilitia nanga majini, mbali na nchi kavu. Shehena iliteremshwa kwenye matishari, ikakokotwa hadi ufukoni, kisha ikapanda mabegani mwa watu. Makuli wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Asiyeitwa asubuhi alirudi nyumbani mikono mitupu. Hata hivyo, kwa kuwa gunia halikuweza kusogea bila wao, watu hao walikuwa na nguvu. Watawala waliionja nguvu hiyo Septemba 1947, makuli wa Dar es Salaam walipogoma na mgomo ukaifuata reli hadi bara. Mombasa ilikuwa imekwisha kugoma Januari mwaka huo huo, na Unguja ikafuata mwaka 1948. Twathubutu kusema kwamba umoja wa wafanyakazi wa pwani yetu ulilelewa gatini.

Basi mwaka 1956 Dar es Salaam ikapata magati yake ya kwanza ya kina kirefu. Na tarehe 26 Aprili ya mwaka ule ule, meli Ideal X ya Mmarekani Malcom McLean iling'oa nanga Newark kwenda Houston ikiwa na makasha 58 yaliyojazwa bidhaa tangu nchi kavu. Gati la magunia na chombo cha kuliondoa gunia vilikuja duniani pamoja!

Hapa kwetu badiliko lilichelewa. Kwanza yalikuja matatizo ya Rhodesia ya mwaka 1965, Zambia ikaigeukia Dar es Salaam, na bandari ikasongwa na shehena. Ndipo ikajengwa TAZARA, kilomita 1,860. Kontena likaja baadaye, la futi 20 au 40, likafungwa lakiri huko litokako na kufunguliwa Lubumbashi au Kigali. Wizi wa mkononi ulipungua. Meli iliyokaa gatini majuma sasa hukaa siku chache. Migongo ya watu nayo imepumzika, wala hatumwamini anayelililia gunia la kilo 100 ambalo hakulibeba yeye.

Lakini palipohitajika genge zima la watu sasa panatosha kreni na dereva wake, na ile nguvu ya 1947 imehama. Mwenye kreni ndiye mwenye sauti. Ndiyo maana mkataba wa bandari wa mwaka 2023 ulijadiliwa hadi vijijini, kwa watu wasiopata kuiona bahari.

Unguja imebahatika: Adam Shafi aliuhifadhi mgomo wake katika riwaya ya Kuli, iliyotoka mwaka 1979. Washairi sisi tungali tunaimba jahazi, tanga na kusi, ilhali karafuu ile ile tuisifuyo husafiri ndani ya kontena.