Mkuku wa Kupanda na Kushuka

Mkuku wa mashua ya tanga una kazi mbili. Mashua inapokwenda bisho, mkuku huuzuia upepo usiisukume kando. Na ukiwa mzito, huizuia mashua isipinduke. Kazi ya kwanza yataka upana tu, na ubao mwepesi unaitosha. Ya pili yataka uzito, tena uzito uliokaa chini kabisa. Mkuku wa kuinuliwa, ule unaoiwezesha mashua kuingia maji mafupi na siku hizi kupanda trela, ulianza kama jibu la kazi ya kwanza peke yake. Ilichukua zaidi ya karne moja, na vifo kadhaa, kabla wasanifu hawajaipa kazi ya pili haki yake.

Ubao wa kuzuia kusukumwa kando ni wa kale mno. Kabla Waspania hawajafika, wakazi wa pwani za Ekuado na Peru waliongoza vyelezo vyao vya magogo ya balsa kwa mbao zilizopenyezwa kati ya magogo, wakizishusha na kuzipandisha kadiri ya haja. Waholanzi, ambao bahari yao ya karibu imejaa mafungu ya mchanga, walitundika mbao mbavuni, mmoja kila upande. Mbao hizo zinafanya kazi vizuri, lakini hupigwa na mawimbi, na kila chombo kinapogeuza tanga sharti mmoja upandishwe na mwingine ushushwe.

Aliyeuingiza ubao ndani ya chombo, kwa upande wa Ulaya, ni ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza aliyeitwa John Schank. Mwaka 1774, akiwa Boston, alimjengea Lord Percy mashua yenye ubao mmoja mrefu uliopita ndani ya sanduku lisilovuja, katikati ya chombo. Baadaye aliugawa ubao huo kuwa mbao tatu, mmoja nyuma ya mwingine, na hapo ndipo ustadi wake ulipoonekana: nahodha akishusha ubao wa mbele au wa nyuma peke yake, aliweza kubadilisha namna chombo kinavyoitikia usukani. Chombo kilichoupa ubunifu huo sifa ni Lady Nelson, cha tani 60, kilichojengwa Deptford, kando ya Mto Thames, mwaka 1798. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba mabaharia walikifanyia utani kwa kukiita kijisanduku cha kuwashia moto cha Mfalme. Hata hivyo kiliondoka Uingereza kwenda Australia Machi 1800 chini ya James Grant, kikapita Mlango wa Bahari wa Bass kutoka magharibi kwenda mashariki kabla ya chombo kingine chochote kinachojulikana, na kutia nanga Sydney Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1802, chini ya John Murray, kiliingia Port Phillip, ghuba ambayo mji wa Melbourne ulijengwa baadaye kando yake. Kwa kupima pwani isiyo na ramani, chombo kinachoweza kuinua mkuku kinapokaribia fungu kilikuwa na thamani kuliko merikebu kubwa.

Udhaifu wa ubao wa Schank ulikuwa wazi. Ubao unaopanda na kushuka wima ukigonga mwamba hauna pa kukimbilia. Huvunjika, au hupinda ukakwama sandukuni. Mwaka 1811, watu watatu wa ukoo wa Swain kutoka Cape May, New Jersey, walipata hataza ya ubao unaozunguka kwenye pini upande wa mbele. Ukigonga kitu, ubao huo hurudi nyuma na kupanda wenyewe. Jambo dogo, lakini ndilo lililoifanya pwani ya mashariki ya Marekani, yenye ghuba fupi na vitanda vya chaza, kuwa nchi ya mashua pana zenye ubao wa kati. Wavuvi wa chaza wa New Haven walizitumia kwa kazi. Matajiri wa New York walizitumia kwa fahari.

Hao wa pili ndio waliosahau uzito. Mashua pana husimama imara kwa sababu ya upana wake, na uimara huo hudanganya: ni mkubwa inapoinama kidogo, kisha hutoweka ghafla inapoinama sana. Katika mashua ndogo za mashindano, farumi, yaani uzito wa kuisawazisha mashua, ilikuwa magunia ya mchanga ambayo mabaharia waliyahamisha upande hadi upande kila walipogeuza. Mwaka 1876, mashua kubwa ya Mohawk, iliyokuwa ikielea katika maji ya mita 2 hivi ubao wake ukiwa juu, ilipigwa na dhoruba ya ghafla karibu na Staten Island. Ilikuwa inang'oa nanga huku matanga yakiwa tayari yametwekwa. Ililala ubavu, farumi na samani zikahama, na mwenye mashua, William Garner, akafa pamoja na mkewe na wengine waliokuwamo. Magazeti ya mabaharia yalibishana kwa miaka: upande mmoja ukautetea ubao, wa pili ukaisifu mikuku mirefu ya risasi ya Waingereza. Ukweli ni kwamba ubao haukuwa na hatia. Kosa lilikuwa kuutegemea kana kwamba una uzito. Edward Burgess alionyesha njia mwaka 1885 kwa mashua Puritan, iliyokuwa na risasi iliyofungwa kwenye mkuku kwa nje na ubao wa kati pia, na ikalitetea Kombe la America dhidi ya Genesta ya Waingereza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili likaja sharti jipya: barabara. Familia zenye gari zilitaka mashua ya kulala ndani, isiyolipiwa gati, na ya kukaa uani wiki nzima. Huko New Zealand, michoro ya Richard Hartley ilimwezesha fundi wa nyumbani kujiundia mashua ya plaiwudi ya futi 16. Marekani ilikuwa na faibaglasi na viwanda. Mwaka 1969, Frank Butler wa California alitoa mashua ya Catalina 22, na zaidi ya 15,000 zimeundwa tangu hapo.

Vipimo vya mashua hiyo vinaonyesha jinsi barabara ilivyochora chombo. Urefu ni mita 6.55, na upana ni mita 2.3 hivi, chini kidogo ya futi 8 zilizoruhusiwa barabarani. Mkuku ni bamba la chuma cha kusubu la kilo 250 hivi, linaloning'inia kwenye pini na kuinuliwa kwa kamba ya waya na winchi. Likiwa chini, mashua hudai maji ya mita 1.5, likiinuliwa, mita 0.6. Hapa kazi zote mbili zimerudishwa kwenye kipande kimoja. Tena bamba haliingii lote ndani ya mashua: likipanda, hulala chini ya tumbo lake, kwa hiyo chumba hakigawanywi na sanduku. Gharama yake ni pini inayolika, waya inayovuma mashua ikishika kasi, na haja ya kulifunga bamba kwa skrubu linaposhushwa, lisije likajirudi mashua ikilazwa.

Kasi yake haina miujiza. Tangu majaribio ya William Froude katika karne ya 19 inajulikana kwamba chombo kizito hubanwa na wimbi lake lenyewe, na kwa urefu wa mita 5.9 majini, kikomo ni karibu noti 6. Bamba la kusubu, nene na lenye uso wa kukwaruza, pia haliendi bisho vizuri kama mkuku uliochongwa kwa umbo la bawa.

Roger MacGregor, naye wa California, alikwenda njia nyingine. Katika MacGregor 26 ya miaka ya 1980 alizitenganisha tena kazi mbili: ubao mwepesi kwa ajili ya bisho, na tangi la maji lenye zaidi ya kilo 500 kwa ajili ya uzito. Tangi hujazwa mashua inaposhuliwa na kumwagwa kabla ya safari ya barabara, hivyo gari dogo linaweza kuivuta. Lakini maji ni mepesi mara 11 kuliko risasi, nayo hukaa ndani ya tumbo la mashua badala ya kuning'inia chini, na mashua huinama upesi kabla haijatulia.

Mashua ya mashindano ya Melges 24, ya mwaka 1993, ilifika kwenye ncha ya pili: pezi jembamba lenye tone la risasi mwishoni, mashua nyepesi inayopanda juu ya wimbi lake na kukipita kikomo cha Froude. Pezi hilo huinuliwa kwa ajili ya trela tu. Mashindanoni hubaki chini, limefungwa, kina cha maji kiwe kipi.