Temeke ya 1996 na kura tuliyompa Lyatonga

Wanaosimulia historia ya vyama vingi nchini hukaa sana Dodoma na Zanzibar. Temeke hupewa mstari mmoja tu: uchaguzi mdogo wa 1996, Mrema akashinda. Mimi ni seremala wa Keko, na kura hiyo niliipiga. Mstari mmoja hautoshi. Pale Temeke ndipo wakazi wa jiji walipoona kwa macho yao kwamba CCM inaweza kushindwa Dar es Salaam, na haukupita hata mwaka kabla walioshinda hawajaanza kuubomoa ushindi huo kwa mikono yao wenyewe.

Kwanza mjue tulimpenda kwa nini. Augustine Lyatonga Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na baadaye Naibu Waziri Mkuu wa Rais Mwinyi, wanyonge walimwendea moja kwa moja. Mfanyakazi aliyenyimwa mshahara, mjane aliyefukuzwa nyumbani na shemeji zake, mpangaji aliyetupiwa vyombo nje, wote walimfuata, naye akamwita mtuhumiwa akampa siku saba awe amemaliza jambo. Wasomi walisema huko ni kuingilia kazi ya mahakama, na kisheria walikuwa na hoja. Lakini Keko ya miaka ile ilikuwa na watu waliokuwa wakipunguzwa kazi viwandani Chang'ombe, mashirika ya umma yakirekebishwa na kuuzwa, na kesi ya kudai kiinua mgongo ingeweza kumzeesha mtu. Siku saba zilikuwa lugha tunayoielewa. Alipoondolewa serikalini mwanzoni mwa 1995 akahamia NCCR-Mageuzi, na Mabere Marando na wenzake wakampisha kwenye uenyekiti. Marando akabaki katibu mkuu. Katika kampeni watu walilisukuma gari lake kwa mikono, injini imezimwa, yeye juu akipunga.

Hapo penye kupishana viti ndipo ninapoona ufa ulipoanzia. NCCR haikuzaliwa na Mrema. Ilitokana na kamati ya mageuzi ya katiba ya 1991, Chifu Abdallah Fundikira akiwa mwenyekiti wake, wakati ambapo Tume ya Nyalali ilikuwa bado inawauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Wale vijana wa sheria na vyuo walikuwa wamelala na hoja za katiba kwa miaka. Mrema alikuja na umati. Umati ulihitaji chama na chama kilihitaji umati, lakini hawakuwa wamekaa chini kukubaliana nani anamwongoza nani.

Oktoba 29, 1995, siku ya uchaguzi mkuu, ikafika. Karatasi za kura na vifaa vingine vikachelewa Dar es Salaam, vituo vingine vikafunguliwa jioni na vingine visifunguliwe kabisa. Tume ya Taifa ya Uchaguzi chini ya Jaji Lewis Makame ikafuta matokeo ya majimbo yote saba ya mkoa, na kura ikarudiwa Novemba 19. Wapinzani walikwenda mahakamani kutaka uchaguzi wa nchi nzima ufutwe, wakakataliwa, wakasusia marudio. CCM ikachukua majimbo mengi. Katika kura ya urais, kitaifa, Benjamin Mkapa wa CCM alipata asilimia 61.8 na Mrema asilimia 27.8.

Mambo kama haya si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1792 jimbo la New York huko Marekani lilichagua gavana kati ya George Clinton na John Jay. Kura za wilaya ya Otsego, ambako Jay alikuwa na nguvu, zilitupwa kwa kuwa aliyezipokea na kuzipeleka alikuwa amemaliza muda wa cheo chake. Clinton akatangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 108. Wafuasi wa Jay walitaka kuzusha vurugu, mwenyewe akawatuliza, akasubiri, na 1795 akashinda. Nakitaja kisa hiki kwa sababu ya kule kusubiri. Jay alikuwa na kundi lililobaki kundi moja kwa miaka mitatu.

Sisi Temeke hatukusubiri hata mwaka mmoja. Mbunge wa CCM aliyepita Novemba alijiuzulu 1996, huku elimu yake ikihojiwa, na jimbo likawa wazi. NCCR ikamsimamisha mwenyekiti wake. CCM ikamsimamisha Abdul Cisco Mtiro. Ghafla jimbo letu la barabara za vumbi likawa ndilo jimbo la nchi. Viongozi wa pande zote mbili walishinda kwetu, na pale karakana kazi ilikuwa ikisimama: mteja anakuja kuulizia kochi lake, anakuta mafundi wanabishana, naye anavuta kigoda anaingia kwenye ubishi.

Wapo wanaosema Mrema alibebwa na Wachaga wenzake. Hao hawaijui Temeke. Hapa ni kwa Wazaramo, Wandengereko na Wamatumbi, watu wa pwani na wa kusini, wengi wao Waislamu. Tena kulikuwa na sababu ya wazi ya kumnyima. Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yalipovunjwa Dar es Salaam na masheikh kukamatwa, waziri wa polisi alikuwa yeye. Wazee wa msikitini kwetu walikuwa hawajasahau. Mmoja wao, jirani yangu, aliniambia, "Baba, hilo nalikumbuka vizuri. Lakini kodi ya nyumba nalipa mwezi huu." Akaenda akampigia. Nikiulizwa uchaguzi ule ulikuwa nini, humtaja mzee huyu kabla ya kumtaja Mrema.

Oktoba 1996 Mrema akatangazwa mbunge wa Temeke. Kuanzia Keko hadi Tandika watu walitoka barabarani.

Yaliyofuata bado yananiuma. Kambi ya Mrema na kambi ya Marando zikaanza kutajana kwa majina hadharani. Mwaka 1997 mkutano wa viongozi wa chama uliofanyika Tanga ukavunjika kwa vurugu. Kila upande ukajiita NCCR halisi, wakapelekana mahakamani kugombea chama, na wabunge wengi wakawa upande wa Marando. Magazeti yaliuza sana siku zile. Sisi tuliopiga kura hatukuwa na mahali pa kuulizia, maana tawi letu nalo lilikuwa na viongozi wawili wawili.

Mara nyingi nasikia kwamba NCCR ilivunjwa na CCM au na usalama wa taifa. Sikatai kwamba chama tawala kilifurahi. Ila adui wa nje hawezi kukulazimisha ugombee kiti na katibu wako wakati una wabunge bungeni na jiji liko nyuma yako. Mrema alitaka chama kimtii kama wizara ilivyomtii. Marando na wenzake nao walimchukua kwa sababu ya umati, kisha wakamtaka awe kiongozi wa vikao. Pande zote mbili zilikosea, na nayasema haya nikiwa bado namheshimu Lyatonga.

Mwaka 1999 akahamia TLP. Sheria yetu haimruhusu mbunge kuhama na kiti, kwa hiyo ubunge wa Temeke ukamponyoka. Mwaka 2000 aligombea urais kwa tiketi ya TLP akapata asilimia 7.8. NCCR, iliyokuwa imeshinda majimbo 16 mwaka 1995, ikaambulia jimbo moja. Baadaye Mrema alikuwa mbunge wa Vunjo, kuanzia 2010 hadi 2015, na alifariki Agosti 2022.

Temeke iliupa upinzani nafasi nyingine. Mwaka 2015 tulimchagua Abdallah Mtolea wa CUF. Mwaka uliofuata CUF ikagawanyika kati ya viongozi wake, huku Profesa Lipumba na kule Maalim Seif, kila upande na ofisi yake na kesi yake mahakamani. Novemba 2018 Mtolea akajiuzulu akajiunga na CCM, na uchaguzi mdogo ulipoitishwa akapita bila kupingwa. Vijana wa karakana walikuja kuniuliza chama kinawezaje kumpoteza mbunge namna hiyo. Nikaanza kuwasimulia mkutano wa Tanga.