Droni Iliyokalia Mkia

Agosti 2014 Google ilitoa video ya droni yake ya majaribio ikipeleka mizigo huko Queensland, Australia. Inaanza ikiwa imekalia mkia, pua juu, inapaa wima, kisha inalala na kukimbia kama ndege ya kawaida. Ikifika inasimama tena hewani, inashusha mzigo kwa kamba. Wengi waliona ni kitu kipya kabisa. Si kweli, na mtangulizi wake alikuwa na mtu ndani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, jeshi la wanamaji la Marekani lilitaka ndege ya kivita ya kuruka kutoka meli isiyo na uwanja. Kampuni ya Convair ikaunda XFY-1, maarufu kama Pogo. Rubani James Coleman aliipaisha bila kamba za kuizuia tarehe 1 Agosti 1954, Moffett Field, California. (Makao makuu ya Google leo ni majirani wa uwanja huo. Sadfa tu.) Novemba akafanya safari kamili: akapaa wima, akailaza, akaisimamisha tena, akatua.

Kupaa kulikuwa rahisi kiasi, kwa sababu injini ilikuwa na nguvu za kutosha. Balaa ni kushuka. Coleman alikuwa chali, uso mbinguni, na ardhi iko mgongoni. Ilibidi apinde shingo aangalie nyuma ya bega huku akipunguza nguvu kidogo kidogo. Fikiria dereva wa matatu anarudi nyuma kwenye stendi iliyojaa, hana makanga wa kumpigia bodi, na akikosea anaanguka na gari lote. Sasa muweke kwenye meli inayoyumba. Mradi ulifia 1955, na sishangai.

Lakini nadhani Pogo ilidharauliwa bure. Mashine iliruka, na kilichoshindwa ni shingo ya binadamu. Droni haina shingo. Vihisi na kompyuta yake hupima mwinamo na kurekebisha mara nyingi kwa sekunde, haijalishi pua imeelekea wapi.

Hata hivyo, Google nao waliliacha umbo hilo 2015. Ndege ikisimama kwa mkia, mabawa yake yanakuwa kama tanga: upepo ukivuma, inasukumwa ovyo. Droni zilizofuata za mradi huo, Wing, hukaa kwa tumbo. Zina mapangaboi ya kuinua na mengine ya kusukuma mbele, kila moja na kazi yake.