Mfamasia Aliyekuja Bukavu

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia ugonjwa usiotoka mwilini, na watu wa dawa waliojifunza kutembea na wagonjwa mwaka baada ya mwaka. Sehemu ya habari hii ilitokea Bukavu, mji ambao wengi wenu mnaujua mtaa kwa mtaa.

Wasikilizaji, kuna virusi vinavyopita kama mgeni wa siku moja. Mafua huja, homa hupanda, siku chache zikipita mtu anarudi shambani. Lakini viko virusi ambavyo vikishaingia havitoki. Virusi vya UKIMWI, ambao wengi wetu tuliuzoea kwa jina la SIDA, ni vya namna hiyo. Hujificha ndani ya chembe za damu zilizolala, mahali ambapo dawa haiwezi kuvimaliza. Dawa huvizuia kuzaliana tu. Ukiiacha, vinaamka.

Kwa sababu hiyo mgonjwa wa virusi hivi hahitaji dawa ya juma moja. Anahitaji dawa ya maisha. Daktari anaweza kumwona mara chache kwa mwaka, lakini kuna mtu anayekutana naye kila anapokwenda kuchukua vidonge: yule aliyeketi nyuma ya dirisha la dawa. Leo ni zamu yake kusimuliwa.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA KWANZA: KIDONGE KIMOJA

MTANGAZAJI: Krisana Kraisintu alizaliwa mwaka 1952 katika kisiwa cha Koh Samui, nchini Thailand. Alisomea ufamasia katika Chuo Kikuu cha Chiang Mai, kisha akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Aliporudi nyumbani aliajiriwa na shirika la serikali linalotengeneza dawa, na baadaye akaongoza idara yake ya utafiti.

Wakati huo UKIMWI ulikuwa unaenea kwa kasi nchini mwake. Dawa ya kwanza, zidovudini, ambayo wengi waliijua kwa herufi AZT, ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwezi Machi 1987. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba dawa hiyo, ikitumiwa na mama mjamzito kisha na mtoto mchanga, inapunguza maambukizi kwa mtoto kwa takriban theluthi mbili. Habari ilikuwa njema, ila bei ilikuwa mbaya. Mama wa kawaida wa Thailand hakuweza kuinunua.

Mwaka 1995 Krisana akafanikiwa kutengeneza AZT katika shirika lake, kwa jina lisilo la kampuni kubwa na kwa bei ya chini.

Mwaka uliofuata, 1996, wanasayansi walithibitisha kwamba dawa moja haitoshi. Sababu yake ni hii: virusi vikizaliana hukosea kujinakili, na katika makosa hayo hutokea vingine vinavyoweza kuiepuka dawa moja. Lakini ni vigumu sana kwa kirusi kimoja kuepuka dawa tatu kwa wakati mmoja. Ndipo ukaanza utaratibu wa kutumia dawa tatu pamoja.

Utaratibu huo uliokoa maisha, lakini ulimpa mgonjwa mzigo. Vidonge vilikuwa vingi, kila kimoja na saa yake, kimoja kabla ya chakula, kingine baada ya chakula. Mtu asiye na saa ukutani wala uhakika wa mlo atavifuataje? Krisana na wenzake wakachukua dawa tatu, stavudini, lamivudini na nevirapini, wakaziunganisha katika kidonge kimoja. Kilitoka mwaka 2002 kwa jina la GPO-VIR. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA PILI: NJIA YA KUJA KIVU

MTANGAZAJI: Mwaka huohuo wa 2002, Krisana aliacha kazi yake, akaelekea Afrika. Hali ilikuwa hivi: mwanzoni mwa mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imetangaza kuyauzia mashirika ya misaada dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, wakati dawa hizohizo kutoka kampuni kubwa ziligharimu zaidi ya dola 10,000. Mwezi Novemba 2001, huko Doha, mataifa yanayofanya biashara pamoja yalikubaliana kwamba haki za wenye hataza zisizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Nchi maskini zaidi, zikiwamo Kongo na Tanzania, zilipewa muda mrefu zaidi kabla ya kulazimika kufuata haki hizo kwa dawa. Mlango wa sheria ulikuwa wazi. Kilichokosekana ni watu wa kuupita.

Bukavu palikuwa na kiwanda cha Pharmakina. Watu wa Kivu wanakijua kwa kwinini yake, dawa ya malaria inayotolewa katika maganda ya mti wa kinkina uliopandwa katika vilima vya huko. Kwa hiyo wafanyakazi waliozoea kupima, kuchanganya na kukandamiza vidonge walikuwapo tayari. Pia wagonjwa walikuwapo, wakiwamo baadhi ya wafanyakazi wenyewe na jamaa zao.

Lakini dawa za virusi zinadai mambo mengine. Chumba kiwe safi kuliko cha kawaida, hewa ichujwe, na unyevu udhibitiwe. Kila kidonge kiwe na kipimo sawa na mwenzake, na fungu zima lipimwe kabla ya kutoka nje ya mlango. Fikirieni kufanya hayo katika nchi iliyokuwa inatoka vitani, umeme ukikatika, barabara zikiwa mbaya. Mwezi Juni 2004 mji wenyewe ulitekwa na askari walioasi kwa siku kadhaa. Wengi mnaosikiliza mnakumbuka siku hizo, na baadhi yenu mlianza safari ya ukimbizi wakati huo.

Kazi hata hivyo iliendelea. Mwaka 2005 kiwanda kilitoa dawa yake ya virusi, ikaitwa Afri-vir, yenye dawa tatu zilezile. Mgeni alileta ujuzi, lakini mikono iliyotengeneza ilikuwa ya Wakongo waliofundishwa kazini. Krisana alifanya kazi pia Arusha, Tanzania, katika kiwanda cha Tanzania Pharmaceutical Industries, na akaendelea kuzunguka nchi nyingine za Afrika akifundisha watu kutengeneza dawa. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo inayoheshimiwa sana barani Asia.

Tusipambe mambo. Leo vidonge vingi vya virusi vinavyofika Afrika hutoka viwanda vya India, ambavyo hutengeneza kwa wingi mno na kwa bei ambayo kiwanda kidogo ni vigumu kuifikia. Na wafadhili wakubwa hununua tu dawa zilizopitishwa na wakaguzi wa kimataifa, jambo la haki kwa usalama wa mgonjwa, ila gharama yake ni kubwa kwa kiwanda kidogo. Hata hivyo Bukavu ilijibu swali moja lililokuwa likiulizwa kwa dharau: je, Waafrika wanaweza kutengeneza dawa hizi katikati ya shida? Jibu lilitoka kiwandani likiwa ndani ya chupa.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TATU: YANAYOJULIKANA DIRISHANI

MTANGAZAJI: Kutengeneza kidonge ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumkabidhi mgonjwa kidonge hicho pamoja na maneno yanayofaa. Wafamasia walijifunza hilo kwa kuwafuatilia wagonjwa wao.

Chukueni nevirapini. Mtu akianza na kipimo kamili siku ya kwanza, anaweza kutokwa na vipele vibaya au ini lake kuumia. Kwa hiyo alipewa kipimo cha mara moja kwa siku kwa siku 14, ndipo akapandishwa kuwa mara mbili. Mfamasia asipoeleza hivyo, kidonge kizuri kinaweza kuleta madhara.

Nevirapini ilikuwa na siri nyingine. Mtu akiacha dawa ghafla, wenzake wawili huisha upesi mwilini, lakini yenyewe hubaki kwenye damu kwa siku nyingi. Kwa siku hizo virusi hupambana na askari mmoja tu badala ya watatu, na hapo ndipo vinapojifunza kumshinda. Ndiyo maana aliyekimbia vita na kukosa vidonge kwa mwezi angeweza kurudi akakuta dawa yake ya zamani haifanyi kazi tena. Hakuwa mkaidi. Bunduki zilimkata na dirisha la dawa.

Stavudini nayo ilifundisha somo chungu. Baada ya muda, wagonjwa walilalamika kwamba nyayo zinawaka moto. Wengine mashavu yaliingia ndani, mikono na miguu ikakonda, hata majirani wakaanza kunong'ona. Wagonjwa walisema na wahudumu wakaandika. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziachane na stavudini hatua kwa hatua. Leo wagonjwa wengi wazima hutumia kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kwa hiyo, ukiona dalili mpya, isemee dirishani. Malalamiko ya wagonjwa yamewahi kubadilisha dawa ya dunia nzima.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA NNE: MKIMBIZI NA DAWA YAKE

MTANGAZAJI: Kulikuwa na wakati ambapo baadhi ya watu walidai kwamba mkimbizi asianzishiwe dawa hizi, kwa sababu anahamahama na ataziacha. Mwezi Januari 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitoa sera ya kupinga fikra hiyo: mkimbizi apate dawa kama wenyeji wanaomzunguka. Baadaye utafiti uliofanywa Kakuma, Kenya, haukuona tofauti kubwa kati ya wakimbizi na wenyeji katika matokeo ya matibabu. Ukimbizi haumnyimi mtu akili ya kutunza uhai wake.

Sasa, wasikilizaji, yale ambayo mfamasia angependa kila mmoja ayajue:

Moja. Jua jina la dawa yako, na utunze kadi yako pamoja na vitambulisho vyako. Ukilazimika kuhama usiku, kadi hiyo itasema kwa niaba yako katika kituo kipya.

Mbili. Usigawane vidonge na mwenzako, hata kwa huruma. Mkigawana mtapungukiwa wote wawili, na virusi vitapata nafasi.

Tatu. Ukianza dawa ya kifua kikuu, sema. Rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, na kwa kawaida huongezwa kidonge kingine cha dolutegraviri baada ya saa 12. Dawa za kiungulia, na vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, navyo vinaweza kuizuia dawa isiingie mwilini. Uliza saa ya kumeza kila kimoja.

Nne. Ukikosa dawa kwa siku kadhaa, usione haya na usijifiche. Rudi. Useme ukweli ni siku ngapi, ili ushauriwe vizuri.

Tano. Mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Neno hilo limeponya ndoa nyingi. Wapelekeeni majirani.

Nanyi mnaotoa dawa, mnaofanya kazi kwenye jua mbele ya foleni ndefu: anayekuja kwenu leo atakuja tena mwezi ujao, na mwakani. Jinsi mtakavyompokea ndiyo itakayoamua kama atarudi.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA KUSIKILIZA

1. Katika kambi yetu, ni mambo gani humfanya mtu aache kwenda kuchukua dawa?
2. Mgeni akiwasili leo bila kadi wala vidonge, nani amwelekeze, na wapi?
3. Tufanye nini ili mtu asinong'onezwe anapopanga foleni ya dawa?

MTANGAZAJI: Kwa leo tunaishia hapo. Zungumzeni maswali haya, na mwenye neno amfikishie mhudumu wa afya wa mtaa wake.

(Muziki wa kufungia.)